Mtungi wa Mistari Miwili

Angetile wa Lyulilo alikuwa mfinyanzi kabla hajawa mtu wa picha, na hata alipokuwa mtu wa picha hakuacha kuringia mitungi yake. Mmojawapo, wenye mstari mweupe shingoni na mstari mweusi chini yake, ulikaa miaka mitano kando ya kiti cha wateja katika kibanda cha Ambrose. Kila aliyepigwa picha pale alipigwa pamoja nao, apende asipende.

Ambrose alikuwa fundi wa picha aliyekuja na mtumbwi kutoka Karonga, upande wa ziwa wa Waingereza, mwaka 1909. Kibanda chake kilikuwa cha matete, na paa lake la kitambaa cha marekani nyeupe ili jua lisiwachome watu usoni. Alimwajiri Angetile kuosha picha, kisha akamfundisha kuzichapa. Kioo kilichoshika sura kiliwekwa juu ya karatasi ndani ya fremu, fremu ikaanikwa juani, na karatasi ikazidi kuwa nyeusi taratibu mpaka uso utokee.

Taabu ilikuwa kwamba jua la Lyulilo halina msimamo. Leo mawingu, kesho kweupe, na ile marekani nayo ikishika moshi hugeuka njano. Familia moja ikipigwa Jumatatu na Alhamisi, baba alitoka mweusi tii na mama kama aliyejipaka majivu, na wote wawili wakaja juu.

Ambrose alipokwenda Karonga kufuata dawa za picha, Angetile aliachiwa vioo viwili, cha Gideoni mumewe na cha shemeji yake Hezroni, waliopigwa siku mbalimbali. Gideoni alikuwa mwekundu wa ngozi, kaka yake mweusi. Angetile akawaza kwa akili yake kwamba hawa wamezaliwa tumbo moja, lazima wafanane. Akamwacha Gideoni juani mpaka akalingana na Hezroni. Gideoni alipojiona alicheka mpaka akashika mbavu. Hezroni alifurahi, akazichukua picha zote mbili akazitundika ukutani kwake.

Ambrose aliporudi alikwenda na Angetile kuziona, wala hakutazama nyuso.

"Mama, huu mtungi wako uliungua?"

Angetile akasogea. Katika picha ya Gideoni mstari mweupe wa mtungi ulikuwa umegeuka kijivu. Aliona aibu sana, kwa maana tangu aanze kufinyanga hajapata kuuza mtungi wa kijivu. Tangu siku hiyo aliacha kulinganisha nyuso. Alilinganisha mtungi na mtungi. Mweupe uwe mweupe wa jana, mweusi uwe mweusi wa jana, uso utajipata wenyewe. Akiwa na shaka aliipeleka picha kando ya mtungi wenyewe akaiuliza hapo hapo. Watu wakaanza kusema picha za Lyulilo hazimsingizii mtu.

Alitaka kumchapa Gideoni upya, lakini Gideoni alikuwa anafunga mzigo. Wadachi waliotawala huku walitaka wapagazi wa kwenda Songea.

"Nikirudi," alisema.

Homa ilimmaliza njiani. Angetile alikuwa na mimba changa ambayo hata mumewe hakuambiwa. Kile kioo cha Gideoni alikifunga kwa kitambaa akakiweka mbali, kwa sababu kumwona tena akiibuka kwenye karatasi kulimshinda.

Atuganile akazaliwa, mwekundu kama baba yake. Vita vilipoanza, mwaka 1914, Ambrose aliogopa kuitwa mpelelezi. Kabla ya kutoroka alimpiga mtoto picha kando ya mtungi, akamwachia Angetile kioo chake kisichochapwa bado, karatasi moja na chupa ya dawa ya dhahabu, ya kuzuia picha isififie, iliyobaki matone.

Mwaka uliofuata Angetile alikwenda na Atuganile kwa Hezroni kudai migomba ya Gideoni, iwe ya mtoto. Hezroni akanyoosha kidole ukutani.

"Ndugu yangu alikuwa mweusi kama mimi. Yule pale. Huyu mwekundu umemtoa wapi?"

Angetile akaitazama ile picha. Hakujua kama shemeji anadanganya au ile picha imekula kumbukumbu yake. Alichojua ni kwamba aliyempa ushahidi huo ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na kwamba mwanawe atakua akiitwa mtoto wa njiani.

Kesho yake, jua lilipokaa sawa, alifungua kitambaa. Karatasi ilikuwa moja, hivyo alifunika nusu yake kwa kitambaa cheusi cha kaniki akamchapa Gideoni upande mmoja, kisha akafunika Gideoni amchape mtoto. Hapo ndipo jaribu lilipomjia. Akimtoa Gideoni juani mapema kidogo, atakuwa mwekundu kuliko hata mtoto, na kesi imekwisha. Nani angejua? Alichungulia fremu. Mstari mweusi wa mtungi ulikuwa bado hudhurungi. Akairudisha juani, akakaa chini, akalia kwa hasira, akasubiri mpaka mtungi ukawa mtungi. Kwa mtoto alisubiri vivyo hivyo. Matone ya dhahabu yalitosha kwa shida.

Alikwenda kwa Hezroni na mtungi kichwani na picha mkononi, Atuganile akimfuata nyuma. Akautua sakafuni, akamsalimu.

"Ndaga, shemeji. Mimi ndiye niliyemtia Gideoni weusi usio wake. Tazama mtungi kwanza, watu baadaye."

Hezroni alitazama mtungi wa sakafuni, kisha ule wa kando ya Gideoni, kisha ule wa kando ya mtoto. Akaipeleka picha mlangoni penye mwanga. Mstari mweupe ulikuwa mmoja mara tatu. Ndipo akapandisha macho kwenye nyuso, baba na binti, waliokaa bega kwa bega kama waliopigwa asubuhi moja, wekundu mmoja, paji moja la uso.

Angetile alijiandaa kwa matusi.

"Nilikuwa nimemsahau," Hezroni alisema. "Ndugu yangu wa damu. Nilikuwa nimemsahau alivyokuwa."

Akaitundika ile mpya juu ya ile ya zamani, akachukua panga, akamshika Atuganile mkono kwenda kumwonyesha mpaka wa migomba yake.