Maziwa Niliyomkamulia Mwadime

Nakumbuka asubuhi moja kule Sagalla, mwanangu, bado sijazoea mambo ya ukweni, na nikimnyonyesha Mwangeka, kifungua mimba wangu. Siku hizo jicho la mtu likiwasha, alipelekwa kwa mama anayenyonyesha, akamuliwe maziwa kidogo humo ndani ya jicho. Mlango wangu haukukosa watu. Wawuda jirani yangu alikuja na watoto wake wote wanne. Hata fundi wa mabati alikuja, akaona haya mpaka akafumba na lile jicho zima. Nikajiona daktari, na shule yenyewe niliiachia darasa la tatu.

Basi asubuhi hiyo Mwadime, mdogo wa mume wangu, alikuwa akipunguza mkonge wa ua. Ncha ikamchoma jicho la kushoto. Akaja amelifunika kwa kiganja.

"Shemeji, nikamulie. Lakini kaka asijue, atanicheka mwaka mzima."

Tukacheka. Nikamkamulia, na jioni tena, na kesho yake. Siku ya tatu kope zilikuwa zimeshikana kwa usaha. Mama mkwe wangu, Mkamburi, alirudi siku hiyo kutoka kwa dada yake huko Rukanga. Akalifungua lile jicho, akanigeukia.

"Maziwa ni ya mtoto. Jicho limechomwa, wewe unalinyonyesha?"

Tuliteremka Voi kwa miguu, Mwadime amenishika bega. Daktari akammulika, akauliza tumetia nini. Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba tungemleta siku ile ile, labda jicho lingeokoka. Kile cheusi cha jicho kilikuwa kimegeuka cheupe, na jicho halikuona tena.

Kwa vile nilivyojuta, nikakosea tena. Nikamnyang'anya jembe, nikamtekea maji, hata nyama nikawa namkatia kwa sahani kama mtoto. Alinivumilia kama mwezi hivi, halafu akaisukuma sahani.

"Shemeji, jicho moja limekwenda. Hili lingine nalo unalinyima kazi."

Nikamrudishia jembe. Akajifunza kulima akigeuza kichwa, na mistari yake ya mahindi ilinyooka kuliko ya kaka yake. Hilo alimwambia kila mtu, mpaka kanisani.

Kwa hivyo, mwanangu, sitaki ubishi. Jicho likichomwa, au likianza kuona ukungu, usilitie maziwa wala dawa iliyobaki kwa jirani. Panda bodaboda siku hiyo hiyo, uende hospitali. Na hata lisipouma, likapimwe, maana kuna ugonjwa unaolila jicho kimya kimya. Ukikaa na mtu asiyeona, usimburute kwa mkono. Muulize anataka usaidizi gani, na kazi anayoiweza muachie.

Mungu akutunzie macho yako, uzitambue sura za wajukuu zako, na akupe miguu myepesi siku jicho la mwenzako litakapoumia.