Randa ya Irungu

Makokha alimdharau jirani yake Irungu kwa sababu ya randa. Irungu hakuwa seremala, alikuwa karani tu wa ghala, lakini alinunua randa mpya kwa ajili ya mlango wa nyumba yake ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ambao kila mvua ndefu zikianza hufura na kukataa kufungika.

"Mtu mzima ananunua chombo cha kutumia mara moja kwa mwaka!" Makokha alimwambia mkewe, Selpher. "Halafu kinalala chini ya kitanda kama mgonjwa."

Milango yote ya mtaa wao wa Jericho ilikuwa ya mbao zilezile, kwa hiyo wa Makokha nao hufura. Hapo huenda kwa Irungu, akaazima randa, akauchonga mlango wake, kisha akairudisha bila hata kuipangusa. "Angalau leo imepata kazi," husema akicheka.

Mwaka mmoja Irungu akahamia mtaa wa Umoja na randa yake. Mvua ikanyesha, mlango wa Makokha ukabaki wazi kama mdomo wa mlevi. Fundi wa sokoni alimtazama kwa dharau, akamwambia randa ya kazi haiazimwi.

Jioni ile Makokha akaufunga mlango kwa mshipi wa suruali yake, akakaa kitini akimtukana Irungu: mjinga yule, mtupa pesa, na sasa kaenda kuficha randa Umoja!

"Huyo mjinga amefunga mlango wake," Selpher akasema. "Wewe mwerevu, hebu simama nikuone."

Makokha hakusimama.