Nebula kwa Wimbo wa Jembe

Niliondoka Tabora kwa sababu ya taa ya barabarani iliyo mbele ya studio ninakofanya kazi. Nilitaka kupiga picha ya nebula, wingu hafifu la gesi lililo kati ya nyota za kundi liitwalo Jabari, na taa ile inayozififisha nyota haizimwi. Tajiri wangu, Mzee Salum, akaniazima kamera kuukuu yenye filamu iliyobakiza picha tatu. Nikirudi mikono mitupu, alisema, nisiiguse tena kwa michezo yangu. Nilicheka kwa furaha mpaka akaniuliza kama naumwa.

Asubuhi nilipanda treni nimekumbatia mtambo wangu: mbao mbili, bawaba ya mlango na skrubu ndefu. Ukiizungusha skrubu taratibu, ubao wa juu huinuka na kamera huzifuata nyota zinavyosogea.

Igalula nilishuka adhuhuri, nikafuata njia ya zamani ya misafara hadi kijiji cha ujamaa anakoishi Mzee Kapela, mjomba wa mke wangu. Watu walikuwa wanatoka shamba la kijiji, majembe mabegani. Tukala ugali na mlenda.

Saa mbili usiku mbingu zilikuwa nyeupe kwa nyota, nikaanza. Picha moja ilitaka dakika kumi za kuzungusha bila kukosea. Dakika ya nne akaja jirani, mtu mzima, kumwona mgeni. Ukweni hapo mzee haamkiwi kwa mgongo. Niliruka, nikainama, nikatoa shikamoo kwa makofi ya taratibu, skrubu nikaiacha. Picha ya kwanza ikaharibika. Ya pili ikaenda vilevile, kwa mzee mwingine. Nilitamani kulia.

Mzee Kapela akawaita wazee wote, nikawaamkia kwa pamoja, wakaketi nyuma yangu.

"Unahesabu kwa wasiwasi, mkwe," akasema. "Sisi tutaimba wimbo ule wa kulimia. Kila tukiitikia, zungusha kidogo."

Nililinganisha wimbo na saa yangu, ukakaa sawasawa. Kwa dakika kumi niliisukuma mbingu kwa wimbo wa jembe.

Kesho yake nilirudi Tabora, nikaisafisha filamu na kuichapa picha mwenyewe, huku nikimsimulia Mzee Salum yote. Akaishika picha, akaona kati ya nyota doa jeupe kama unga, akaanza kulifuta kwa kitambaa. Halikutoka. Akachukua kioo cha kukuzia, akaliinamia.

Nikamwambia nimejifunza kwamba mtambo wa mbao unatosha, ila usiuzungushe peke yako.

Hakuinua kichwa. "Huo wimbo," akauliza, "unaimbwaje?"