Kicheko Kilichochelewa

Enzi zetu, nyinyi mliokulia Matrah pamoja nami, mchekeshaji wa Kiingereza hakuwa na uso. Alikuwa sauti ndani ya sanduku la mbao. Tulihama Unguja kuja Omani mwaka wa sitini na nne, nikiwa na miaka saba, na redio ile ni katika vitu vichache Baba alivyowahi kubeba. Kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri, Baba akisharudi kutoka kwa tajiri aliyekuwa akimwandikia barua, tulikaa mkekani kwa kahawa na kipande cha halwa, tukawasubiri Waingereza wa London.

Sikujua neno la Kiingereza. Nilichojua ni mlango unaolia, sahani zinazovunjika, mzee mwenye sauti ya mafua na mkewe anayemgombeza. Umati wa watu ukumbini mwao ukicheka, nasi tunacheka kwa sababu wao wamecheka. Baba alifahamu, maana alikuwa karani Unguja, lakini akijaribu kutufasiria, kichekesho kilikufa njiani. Baadaye sisi watoto tulipanda paani kucheza Waingereza: wawili wakibwabwaja maneno yasiyo ya lugha yoyote, waliobaki kazi yao kucheka. Harufu ya papa mkavu ilitujia kutoka sokoni, na jabali la nyuma ya mtaa liliturudishia kicheko chetu. Mara nyingine niliona kama kimerudi na mtu mmoja zaidi, nikashuka ngazi mbio bila kuwaambia wenzangu kwa nini.

Kaka yangu Nassor alikuwa London. Alikwenda kusoma mwaka mmoja kabla hatujahama, na barua zake zilikuja Unguja. Tulipofika Matrah zikakatika. Baba aliandika na kuandika kwa anwani aliyokuwa nayo, hakupata jibu.

Nassor alikuwa mzito wa kufahamu mzaha. Watu wakishanyamaza ndipo yeye anaanza: pumzi inakwama mara mbili, kisha kinatoka kicheko kama jogoo aliyekabwa. Ndugu walimtania mpaka wakachoka, na Mama kila siku alimtetea kwa maneno yale yale: "Mwacheni. Ndo kwanza yamemfikia."

Alkhamisi moja, mwaka wetu wa pili, mzee wa mafua alisema neno lake, umati ukacheka, ukatulia. Kisha akacheka mtu mmoja, peke yake. Pumzi mara mbili, halafu jogoo. Mama aliweka kikombe chini.

"Huyo Nassor," akasema.

Baba alimwambia London imejaa watu, hakosekani mwenye kicheko kama kile. Alkhamisi iliyofuata kikaja tena, na iliyofuata, kila mara nyuma ya wenzake. Mama, ambaye tangu tuhame hakuwa akicheka, alianza kujitia udi siku ya Alkhamisi kama anayepokea mgeni. Mimi nilifurahi kumwona vile, na papo hapo nikaogopa kukaa karibu na redio.

Mwaka wa tatu wa kimya, Baba alitaka Nassor asomewe khitma. Mnajua maana yake: ukishasomewa, nguo zako zinagawiwa na jina lako linatanguliwa na marehemu. Mama alikataa katakata.

"Hasomewi khitma mtu nnayemsikia kwa masikio yangu."

Baba alimwomba siku nzima, mpaka sauti ikamkauka. Mwisho Mama aliniita mimi mbele yake, akanishika mabega. "Sema kweli, mwanangu. Humsikii kaka yako?"

Nilisema, "Nnamsikia."

Nilisema kweli. Baba alinitazama, akatoka nje, na habari ya khitma ikaishia hapo. Nimebeba neno lile tangu siku ile, na bado sijui kama niliwatendea wema.

Mwaka wa sabini nchi ilifunguka na waliokuwa ng'ambo wakaanza kurudi. Alikuja kwetu kijana aliyepanga chumba kimoja na Nassor. Alikunywa kahawa yetu, kisha akatwambia. Nassor aliugua mapafu, akafa katika baridi yake ya pili. Barua ya msiba ilipelekwa nyumba yetu ya Unguja, ambayo ilishakuwa na watu wengine. Nilihesabu kwa vidole. Alikufa kabla ya Alkhamisi ile ya kwanza.

Baba alimuuliza kama Nassor alikuwa na desturi ya kwenda kuwasikiliza wachekeshaji wa redio.

"Siku moja tu, Ami," kijana akasema. "Nilimpeleka mimi. Alicheka watu wote washanyamaza, wakageuka kumtazama."

Siku moja. Sisi tulimsikia miaka minne.

Khitma ilisomwa Ijumaa ile. Mama aliifunika redio kwa kanga na hakuomba ifunguliwe tena.

Leo nakaa Mabela, pembeni ya Maskati, na mjukuu wangu Harith ananionyesha Waingereza wa siku hizi kwenye simu. Mtu kasimama peke yake na suruali imechanika magoti, anahadithia mambo ya chooni na kumtukana mama yake mzazi, na watu wamelipa kumsikia. Wetu walivaa tai hata redioni. Hatukuwaona, lakini tuliamini hivyo. Na wetu wakishasema neno walinyamaza kidogo, wakamngojea aliye mzito. Hawa hawamngoji mtu.

Juzi, baada ya alasiri, Harith alinitafutia mchezo wa redio wa zamani anifurahishe. Nikaijua sauti ya mafua. Kiingereza sasa nakifahamu, na wallahi mzaha wenyewe haukuwa wa kuchekesha kiasi kile. Umati ukacheka, ukatulia. Nikazuia pumzi.

Sijawahi kumhadithia mtoto yule habari hizi. Aliinua uso kutoka kwenye simu, akakunja paji la uso.

"Bibi, nani huyu anayecheka peke yake?"

Machozi yalinitoka kabla ya jibu.

"Mwache," nikamwambia. "Ndo kwanza yamemfikia."