Ukwaju wa Upande wa Mto

Mwaka mmoja kabla ya zile mvua za El Nino, mama mkwe wangu alisema mbele ya mume wangu na wifi yangu kwamba msimu huu siku ya kuangua ukwaju nitaitaja mimi. Hakueleza kwa nini. Msimu uliotangulia nilikuwa nimesema, tena kwa sauti, kwamba walichelewa, maana nusu ya maganda tulikuta dumuzi wameshaingia na ndani ni unga mtupu. Labda alinisikia akaona nina akili. Labda alitaka nikae kimya milele. Mpaka leo sijui.

Nilijua jambo moja tu. Nilikuwa nimetoka Garissa mjini na cheti cha kidato cha nne, nikaolewa Masalani, na katika nyumba ile sikuwahi kuulizwa hata kama chumvi inatosha. Nikiikosea siku ya mkwaju, sitaulizwa tena kitu.

Halafu nikajifungua. Maganda yalikuwa yameanza kugeuka rangi, na mimi nimefungiwa ndani na arobaini yangu, mtoto kifuani, moshi wa uvumba machoni. Mzazi hatoki mpaka siku zitimie. Mti uko nyuma ya nyumba, hatua hamsini hivi kuelekea mto Tana, na mimi siuoni.

Nikamwambia wifi aniletee maganda kila asubuhi. Aliniletea kwenye bakuli. Niliyapima jinsi nilivyoona wenzangu wakifanya: unakwangua kwa kucha, chini ya ngozi pakiwa kijani, bado halijaiva; kisha unaligonga, likilia tupu basi nyama imeachana na ganda, limeiva. Wiki nzima nilikwangua na kugonga. Siku ya thelathini yalilia yote. Nikatuma neno: kesho.

Kesho yake asubuhi nikasikia fito zikipiga matawi. Mwanzo maganda yalianguka makavu, kama mtu anayemwaga vijiti. Nikafurahi. Nilikuwa nanyonyesha, nikamwambia mwanangu, sikia, mama yako hakukosea. Kisha sauti ikabadilika. Kitu kizito kikaanguka, na kingine, kama udongo mbichi. Nikadhani ni masikio yangu, usingizi ulikuwa mchache siku zile. Nikasikiliza tena. Udongo.

Sikuelewa. Mti ni mmoja, siku ni moja, na mimi mwenyewe niliyapima. Nilikaa nikingoja mtu aseme simameni. Hakuna aliyesema. Fito zikaendelea.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka. Jua lilinipiga usoni hadi nikashika ukuta. Wifi alikuwa juu ya mti, mama mkwe chini na ufito wake, na majirani wawili waliokuja kusaidia wakaacha kuokota wakanitazama kana kwamba nimetoka uchi.

“Rudi ndani, hooyo,” mama mkwe alisema. Hooyo ni mama, na kwetu mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo. “Una siku tisa bado.”

“Haya hayajaiva.”

“Wewe ndiye uliyesema leo.”

Nikaokota moja, nikalivunja. Ganda lilishikilia nyama, na nyama ilikuwa kijani. Nikamgeukia wifi, nikamuuliza alikuwa akichuma wapi yale ya bakuli. Akaonyesha matawi ya chini upande wa zizi, ndiyo aliyoyafikia bila kupanda. Upande ule hupigwa na jua kutwa. Upande wa mto una kivuli cha miti mingine, na pale maganda yalining'inia mazito, hayana habari na mimi. Sikuwahi kumuuliza anachuma upande gani. Nani angeniambia kwamba mti mmoja una misimu miwili?

“Shuka,” nikamwambia wifi. “Hakuna ufito mwingine leo.”

Alimtazama mama yake kwanza. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mama mkwe akautua ufito wake chini, akasema, “Umesikia, shuka.” Jirani mmoja akacheka, akasema mzazi wa siku hizi hata arobaini anaisoma kwenye daftari. Nikarudi ndani, sijui nimkasirikie nani, mimi, wifi, au yule mama aliyenitii kwa adabu mpaka theluthi ya upande mbichi ikaanguka. Yale mabichi hayakufaa. Ukwaju ukishaanguka haukui tena. Wiki ile mtoto alipoumwa tumbo, nikaambiwa ni upepo wa siku ile niliyotoka nje.

Baada ya arobaini nilikwenda mwenyewe kila asubuhi, nikapanda, nikagonga maganda ya upande wa mto moja moja. Siku kumi na moja baadaye nikasema leo, na safari hii yalianguka yote makavu.

Tuliyasafisha ukumbini, mimi na mama mkwe, mkeka mmoja. Unavunja ganda kwa kiganja, unavuta nyuzi kutoka kwenye kikonyo zitoke zote pamoja, unatia kisu kuondoa kokwa, nyama unaikanda donge. Vidole vinapauka kwa ukali. Tulifanya hivyo hadi alasiri, kisha nikashindwa kujizuia.

“Ulijua upande wa mto bado?”

“Nilijua.”

“Na ukapiga?”

“Ningekataa, siku ingekuwa ya nani?” Alivuta nyuzi, akazitupa kando. “Na wewe kinywa unacho. Mbona hukuuliza?”

Hasira zilinipanda upya, na sikujua ni swali lipi kati ya yale mawili lililozipandisha.

“Mwakani useme siku mbili,” akaongeza. “Moja haiutoshi mti huu.”

La shukrani na la matusi, yote mawili yalikuwa karibu na ulimi. Mtoto akalia. Mikono yangu ilikuwa imejaa ukwaju mpaka kwenye kiwiko. Mama mkwe akapangusa yake kwenye shuka, akamchukua yeye.