Mtungi Uliojazwa Pomoni

Wajukuu zangu wana kisa wanachokipenda. Ni kisa cha babu yao mdogo, fundi wa magari, aliyejaza mtungi wa gesi kupita kiasi kwa sababu hakujua kusoma. Wakifika pale watu wanapotimua mbio, hushika mbavu. Mimi huinuka nikasingizia sufuria jikoni. Kisa chenyewe hakiko hivyo, na mtu mwingine anayejua kilivyo hatakisema hata akibanwa kwa koleo. Basi acha nikiseme mimi.

Mtu huyo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mafundi wenzake humwita Sikio. Akiletewa gari linalokohoa, huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, hufumba macho, kisha husema, "Silinda ya tatu. Vali inavuja." Wakifungua, ni silinda ya tatu. Shule aliiacha darasa la nne, mwaka ambao baba mkwe aliugua na ada ikawa ya mtoto mmoja tu. Mtoto aliyebaki shuleni alikuwa mume wangu. Hayo niliyajua tangu nilipoolewa, na sikuwahi kuyafikiria mara mbili.

Mimi nimefundisha lugha miaka thelathini na mmoja. Nimesahihisha insha za watu ambao leo ni mahakimu. Mume wangu alipofariki nilijiapiza kwamba jina la nyumba yetu halitashuka hata upana wa kidole. Kwa hiyo kila Sikio alipokuja kunijulia hali na ovaroli lake, nilimtandikia gazeti kwenye kiti kabla hajakaa. Naye alilitazama lile gazeti, akaniuliza, "Leo nakalia siasa au michezo, shemeji?" Tulikuwa tukicheka wote wawili. Gazeti sikuliondoa.

Mume wangu aliacha lori dogo la petroli, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, alilokuwa akilipandisha kwenye machimbo ya mawe. Lilikaa miaka miwili chini ya turubai nyuma ya jiko. Siku moja Sikio akaja, akalizunguka, akaligonga bodi kwa kidole kama anayebisha hodi.

"Shemeji, kituo cha afya cha mlimani kinatafuta gari la kupandisha dawa na kushusha wagonjwa. Mawili yamejaribu, yote yamezimika kwenye mwinuko wa mwisho. Hili la kaka linaweza."

"Hili nalo lilikuwa likizimika," nikamwambia. "Kaka yako alikuwa akilitukana mpaka majirani wanafunga madirisha."

"Kosa si lake, kosa ni la kabureta. Mle ndani petroli inakaa kwenye kibakuli. Gari likiinama, kibakuli kinainama, petroli inakimbilia upande mmoja. Injini ama inakosa chakula ama inapaliwa. Gesi haina kibakuli. Hata ulisimamishe lori kwa mkia, gesi inakwenda tu."

Alikuwa amepata vifaa vyote kutoka kwenye gari kuukuu la kunyanyulia mizigo ghalani: mtungi mnene wa kulazwa, mipira ya gesi, na vyombo viwili ambavyo sikuvijua. Pamoja navyo kulikuwa na kijitabu cha lugha ya kigeni. Alikiweka juu ya meza yangu, kimefungwa kwa kitambaa safi.

"Vyuma vinanisemesha," akasema. "Kitabu ndicho kinaninunia. Nisaidie, shemeji. Gereji yangu ina mwaka mmoja tu. Lori likipanda, daktari mkuu ameahidi kuniachia magari yote ya kituo niyatunze. Nikiharibu, narudi kushika spana za watu."

Nikakubali, na sitaficha kwamba nilikubali kwa raha. Niliandika kurasa nne kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kila herufi imesimama wima. Sikutaka iwe tafsiri ya kifundi tu. Nilitaka iwe Kiswahili. Jioni nilikwenda gerejini kumsomea naye akiwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Hapa umesema 'mvuke uingiao kwa staha'," sauti ikatoka chini. "Staha ndiyo ngapi kwenye spana, shemeji?"

Mafundi wawili waliokuwa wakibadilisha tairi walicheka mpaka jeki ikatikisika.

Lakini kazi aliielewa kuliko mimi niliyeisoma. Aling'oa kabureta, mahali pake akafunga kifaa cha kuchanganya gesi na hewa, akakiita pua. Kile chombo kingine cha bapa, chenye ngozi ya mpira inayopanda na kushuka ndani yake, akakiita mapafu. Alinionyesha kwa nini mapafu yanapitishiwa maji ya moto ya rejeta: gesi hutoka mtungini ikiwa majimaji na ikigeuka kuwa mvuke hunyonya joto, kwa hiyo bila maji ya moto chombo kingeganda barafu juani. Alinishikisha mpira kwa mkono nione ulivyo wa baridi. Nilijipangusa mafuta kwa leso huku nikitikisa kichwa kama mwalimu anayesikia jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi asiyemtarajia.

Katika ukurasa wa tatu wa kijitabu kulikuwa na sentensi ndefu, mabano ndani ya mabano. Ilisema kwamba mtungi huhesabiwa umejaa ukifika sehemu themanini kwa mia, nao ujazwe hadi hapo tu, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka joto likipanda. Leo naijua kwa moyo. Siku ile nilisoma kichwa chake, nikaruka mkia. Nikaandika: *Mtungi ujazwe pomoni.* Nalipenda neno hilo. Wanafunzi wangu hawakuwahi kulitumia vizuri, na nikaona limepata pake.

Nilipomsomea mstari huo gerejini, Sikio alitoka chini ya lori, akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Pomoni kabisa, shemeji? Mbona hata mitungi ya jikoni wanaiachia nafasi?"

Mafundi wawili walikuwa wanasikiliza. Sikutaka kuulizwa mbele yao. Ningeweza kufungua kijitabu, kilikuwa mkobani. Badala yake nikasema, "Sikio halizidi kichwa."

Walipasuka kwa kicheko, maana methali ilimkaa mwilini pamoja na jina. Yeye akajikuna kidevu. "Haya," akasema. "Kichwa kimesema."

Siku ya kupanda, alijaza mtungi alfajiri penye kituo cha gesi chini ya mlima. Mtungi una skrubu ndogo inayofunguliwa wakati wa kujaza. Ikianza kutema ukungu mweupe, mjazaji hujua gesi imefika kipimo. Ilipotema, mjazaji akataka kufunga. Sikio akamwonyesha karatasi yangu, akaendelea kujaza mpaka mtungi ukakataa wenyewe.

Lori lilipanda. Hilo halipunguzwi na yaliyofuata. Sisi tuliokuwa tukilingoja kituoni tulilisikia kabla hatujaliona, sauti yake laini, bila kukohoa, na kwenye ule mwinuko wa mwisho likainua pua juu na kuja tu, kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Wauguzi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kando ya daktari mkuu, mwanamke wa maneno machache. Aliponigeukia na kusema, "Huyu fundi ni wa kwenu, Mwalimu?" nikajibu, "Ni wetu." Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

Hotuba zikaanza. Lori lilisimama uwanjani, jua likipanda, mtungi ukipata moto. Saa sita kasoro, vali ya usalama ikafunguka.

Sijui niifananishe na nini sauti ile. Ni mluzi, lakini unaingia mpaka kwenye meno. Wingu jeupe likaruka juu ya mtungi, kisha likaanza kuteremka na kutambaa chini. Watu hawakuuliza. Kina mama walinyakua watoto, wengine wa kwao na wengine wa wenzao. Mlinzi aliruka uzio akateguka kifundo cha mguu. Mimi, mjane wa heshima, nilikimbia nikiwa na kiatu kimoja, kilemba nikakiacha kwenye mti wa maua.

Mtu mmoja hakukimbia. "Sigara zizimwe. Asiwashe mtu gari. Nendeni upepo unakotoka," Sikio alikuwa akisema, kwa sauti ileile ya kuomba spana namba kumi na mbili. Alivuta mpira wa maji wa bustani, akaumwagia mtungi maji, akaumwagia, mpaka mluzi ukapungua, ukawa kama wa birika, ukanyamaza. Dakika saba. Hakuna aliyeumia ila yule mlinzi.

Tuliporudi, daktari mkuu alikuwa amesimama mbele yake.

"Nani alikwambia ujaze hivi?"

Sikio akanitazama. Nasema kweli, alinitazama kitambo kidogo tu, kama mtu anayenipisha mlangoni. Kisha akasema, "Ni mimi, daktari. Nilikosea kusoma."

Ilikuwa zamu yangu. Nikafungua mdomo, na haya ndiyo yaliyotoka: "Mtuwie radhi, daktari. Katika familia yetu si kila mmoja alibahatika kupata shule."

Watu wakacheka, kwa ile nafuu ya waliokwisha ogopa. Naye Sikio akatabasamu, akainama kukunja mpira wa maji.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kijitabu, nikasoma mkia wa sentensi. Nikakifunga. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi mitatu. Katika miezi hiyo walimpa jina jipya, Fundi Bomu. Wenye magari wakayaondoa moja moja, kila mmoja na udhuru wake. Akafunga gereji, akarudi kwa bwana wake wa zamani, kushika spana za watu, kama alivyoniambia.

Nilikwenda kumwona huko. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kumwomba msamaha. Nilikwenda kuchukua karatasi. Nilikuwa siwezi kulala nikiwaza kwamba mwandiko wangu uko mifukoni mwa mtu.

"Ile karatasi yangu," nikamwambia. "Bado unayo?"

Akafuta mikono, akaingiza kwenye mfuko wa kifuani, akanitolea kurasa zote nne ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nilijua utaifuata, shemeji."

"Ulijua kosa liko wapi?"

"Mjazaji aliniambia palepale. Alisema pomoni siyo."

"Sasa kwa nini ukajaza?"

"Kichwa kilikuwa kimesema."

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana ilinichoma. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Akashangaa kidogo.

"Mbele ya watu wote wale? Wewe ndiye mwenye jina, shemeji. Langu mimi ni la gereji, linafutika kwa matambara." Kisha akaitwa, akaenda na spana yake.

Nyumbani nilichukua kiberiti. Kabla ya kuwasha nikaitazama karatasi, maana mwalimu hawezi kuchoma kazi bila kuipitia. Pembeni ya kila mstari kulikuwa na alama ya vema ndogo, ya penseli, na dole gumba la mafuta chini yake. Alikuwa ameisoma yote, neno kwa neno, mstari kwa mstari, pengine kwa kuunganisha silabi kama mtoto. Mstari mmoja tu haukuwa na vema. Kando ya *pomoni* alikuwa ameweka alama ya kuuliza, imepinda, kama ya mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa kuitumia.

Miaka thelathini na mmoja nimewaambia watoto waulize.

Nilimpeleka daktari mkuu karatasi hiyo na kijitabu, siku ya kliniki, mabenchi yamejaa. Nilikuwa nimepanga kuongea naye faraghani. Lakini alikuwa mlangoni, na nikajua nikiingia ndani nitapata maneno mazuri ya kujificha nyuma yake. Nikasoma hapohapo, sentensi ya kijitabu na sentensi yangu, nikasema ni nani aliyeandika na ni nani aliyeuliza. Benchi la kwanza likaacha kunong'ona.

Daktari aliishika karatasi mbali kidogo na macho.

"Mwalimu, aliyeandika hii angekuwa mwanafunzi wako, ungempa ngapi?"

"Sifuri."

"Mwandiko lakini mzuri," akasema. "Mlete fundi."

Magari yote ya kituo hakupewa. Alipewa lori letu na gari moja la wagonjwa. Gereji imefunguliwa tena, nusu ya ukubwa wake. Jina la Bomu halijatoka, ila sasa hutamkwa na watu wanaosubiri zamu yao. Lori hupanda mlimani kila Jumanne na Ijumaa. Sikio alitaka niandike kipimo juu ya mtungi kwa rangi nyeupe.

"Fupi, shemeji," akanisihi. "Nakuomba. Fupi."

Nikaandika: THEMANINI BASI. Aliyasoma kwa sauti maneno yale mawili, taratibu, akanifanya nisubiri na brashi mkononi.

"Hapo hata mimi siulizi," akasema.

Kwa watu wa mlimani, basi, nilikiri. Kwa watu wa nyumbani mwangu sikukiri. Niliona inatosha; wajukuu wakaendelea na kisa chao, nami na sufuria zangu. Miaka sita sasa. Jumapili hii nimewaita wote, na babu yao mdogo atakuwepo. Nitawasomea haya kabla ya chai, nikiwa nimesimama. Yeye nimemwekea kiti cha kaka yake, na juu yake hakuna gazeti.