Pledwaye ya mbuzi

Juma hii, mbele ya meza ya chama cha walimaji wa soja hapa Kasongo, nilimuona mama mmoja mzee akijiaibisha. Mama huyo ni mimi.

Nilisikia chama kinafanya pledwaye kwa ajili ya walimaji. Na darasa zangu tatu za shule, nilijua hiyo ni kazi ya tribinali. Nikavaa kitenge cha sikukuu, nikaenda kujiandikisha ili wamushitaki jirani yangu, maana mbuzi wake wanamaliza soja yangu.

Katibu akauliza, "Mama, shamba iko wapi?"

"Njia ya Nyangwe. Lakini andika kwanza mbuzi. Ni watano, na mwenyewe anawafungulia makusudi. Hata bwana yake alimukimbia!"

Katibu akaweka kalamu chini. "Mama, pledwaye yetu ni kumuomba mukubwa wa teritwari atengeneze barabara, soja ifike soko. Kesi ya mbuzi hapana."

Nyuma yangu mutu akakohoa. Jirani mwenyewe, na fomu mukononi! "Dada, bwana hakukimbia. Iko Salamabila, anachimba dhahabu. Na mbuzi ni wanne."

Watu wakacheka mpaka katibu akafuta machozi. Alipouliza nani atawasemea kwa mukubwa, jirani akaninyoshea kidole. "Huyu. Kinywa chake hakichoki."

Mikono yote ikapanda.

Jirani ameahidi kufunga mbuzi siku zote nitakazokuwa nasemea barabara. Kwa hiyo, wasomaji, barabara ikikawia, musiulize sana.